Mapigo ya Bibie

Mambo yenyewe yalianza kwa kicheko, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema.

Mama alikuwa fundi cherehani, na moyo ulimwangusha juu ya meza ya kukatia vitambaa, mkasi ungali mkononi. Hospitali walimrudisha nyumbani na onyo: atembee kila siku, ila mapigo ya moyo yasipande mno, na akichoka apumzike mpaka yatulie. Moyo ukizidiwa mara ya pili, basi tena. Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kocha kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufundisha mazoezi ya viungo, akanunua mkanda wa kufunga kifuani na kupakua kwenye simu programu tatu za kusoma mapigo: ya buluu, nyekundu na ya kijani. Sasa aamini ipi? Maana hizi programu nazo, wee! Nyingine zinajitungia namba tu ili mwenye simu afurahi.

Kocha alikuwa na mtihani wake. "Tumfunge mkanda Bibie," alisema. "Programu itakayomwona ana moyo ni ya uongo, tunaifuta."

Bibie alikuwa sanamu ya kujaribishia nguo, kiwiliwili cha kitambaa kilichoshindiliwa pamba, hana kichwa wala mikono, kasimama kwenye kona ya chumba cha kushonea tangu Kocha hajazaliwa. Mama alikuwa akimtania na kumgombeza kama mtu. Aliposikia mtihani huo alicheka mpaka akashika kifua, kisha akavua mkanda, ungali na joto na jasho lake, akautoa. Kocha akamfunga Bibie. Ya buluu ikaonyesha vistari vitupu. Nyekundu, vilevile. Ya kijani ikasitasita kidogo, halafu ikaonyesha mapigo ya polepole, ya mtu anayeanza kuamka.

"Haa! Kumbe Bibie yu hai!"

Mama hakucheka tena. "Mvue, mwanangu. Sijui kwa nini, ila mvue upesi."

Kocha akaifuta ya kijani, mwongo mkubwa, akabaki na ya buluu.

Mwanzoni alifurahi. Kila asubuhi mapigo ya Mama yalikuwa yakishuka kidogo, na kwa wanamichezo hiyo ni dalili ya moyo kupata nguvu. Ila Mama alizidi kupoa. Mikono ikawa ya baridi, midomo ikapauka, na hata ngazi za mlangoni zikamshinda. Tena chumba cha kushonea kilianza kutoa harufu ya nguo mbichi iliyopigwa pasi ya moto, ilhali pasi ilikuwa kabatini tangu Mama augue.

Mchana mmoja Mama alimshika Kocha mkono, akanong'ona.

"Usinione mwehu, mwanangu. Kifuani mwangu sisikii kitu. Moyo nausikia kule."

"Kule wapi, Mama?"

Mama akaonyesha chumba cha kushonea kwa kidevu.

"Ni dawa hizo, Mama. Zinachosha."

"Nenda kasikilize basi."

Kocha akaenda, huku akijilazimisha kutabasamu, akafungua mlango, harufu ile ikampiga usoni, akainama na kuweka sikio kwenye kifua cha Bibie, na kitambaa kilikuwa na joto, na chini ya kitambaa, ndani ya pamba kavu ya miaka yote ile, kitu kilikuwa kinadunda, tu-tu, tu-tu, taratibu, bila haraka yoyote.

Alikimbilia uani akampigia simu mganga, mzee aliyewahi kumtoa shangazi yake jini. Akamweleza yote: mkanda, jasho, ile programu ya kijani.

"Jini wa kiwiliwili kitupu anaweza kulala miaka," alisema mganga. "Nyinyi mmemwonjesha moyo wa mtu. Naja sasa hivi. Msimguse Bibie, umenisikia? Hata aseme nani, msimguse mpaka nifike."

Kocha alipogeuka, Mama alikuwa amesimama mlangoni, wima, bila kushika ukuta. "Utamsubiri mganga mpaka unizike?" alisema. "Mchome. Mchome sasa hivi nipone."

Jamani, nani angekataa? Kocha alikuwa na mama mmoja tu, na hofu ya kumpoteza ilikuwa imemla kiasi kwamba sauti ile yenye nguvu aliisikia kama habari njema. Akamburuta Bibie mpaka uani, akammwagia mafuta ya taa, akawasha kiberiti, na moto uliposhika kitambaa yale mapigo yakasikika wazi, yakaongeza mwendo, yakakimbia, na Kocha, ambaye mapigo ya watu ndiyo kazi yake, akajua kwamba huu ni moyo unaoogopa na kwamba umeshapita kiwango alichoonya daktari, akataka kumvuta Bibie atoke motoni lakini Mama alikuwa amemshika mkono, mkono wa moto, wenye nguvu, hadi mapigo yale yakakosa moja, yakarudi, yakakosa tena, na kukoma.

Mganga alifika moshi ukiwa haujaisha. Aliyatazama majivu, kisha akamtazama Kocha.

"Nani kakwambia umchome?"

"Mama."

Mganga akarudi nyuma mpaka nje ya geti. Ndani ya nyumba cherehani kilikuwa kinalia, kasi na safi, kama enzi za uzima wa Mama. "Mpime," alinong'ona, na hakuingia.

Mama hakubisha. Aliinua mikono mwenyewe ili afungwe mkanda. Kocha akaifungua ile ya buluu. Vistari vitupu. Akaulowesha mkanda maji, akaufunga upya, akaukaza. Vistari vitupu.

Mama akakata uzi kwa meno, akatabasamu.

"Si uliichagua mwenyewe, mwanangu," alisema, "kwa kuwa haisemi uongo?"