Aliyeitika Juu ya Barafu

Jina lake kamili ni Lhamu Choyang, wa ukoo wa Paldorje, kijiji cha Pangboche. Watu wa pale humwita Choyang tu. Mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliitwa Phintso, na mdogo wake wa pekee aliitwa Kilu. Hili la Kilu, yaani kibwa, halikuwa jina alilozaliwa nalo.

Asubuhi ile walikuwa Lobuche, na jua lilikuwa limeshawafikia yaki wao, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, waliolala nje ya nyumba ya wageni, mvuke ukitoka puani mwao. Choyang alimimina chai ya siagi na chumvi. Mzigo ulikuwa viazi, mchele na mafuta ya taa ya kupeleka kambini, chini ya Chomolungma, mlima mrefu kuliko yote, ambako wapandaji wa msimu ule walikuwa wamekwisha simika mahema. Ilikuwa safari ya kawaida. Kwa Kilu tu ilikuwa ya kwanza kupita Lobuche.

"Hiyo kamba umefunga au umeiombea dua?" Phintso aliuliza. "Gunia litaanguka hilo."

"Halianguki, mjomba."

"Na huyo mchumba wako, binti wa kijiji cha Phortse, ndivyo utakavyomshika hivyo hivyo? Mwezi hauishi, amekukimbia."

"Huyo hakimbii. Ameshaonja viazi vya dada."

"Basi anaolewa na viazi," mzee akasema, "maana mwenye akili timamu haolewi na mtu anayeitwa Kibwa."

Kilu alicheka, akaivuta kofia yake nyekundu hadi masikioni. Choyang ndiye aliyeifuma. Alicheka na yeye, lakini moyoni hakuwa ametulia. Harusi ilikuwa baada ya msimu, fedha zilihitajika, na ndiyo sababu alikubali kuja naye. Mama yao, siku aliyokata roho, alikuwa amemshika mkono na kumwambia neno moja: mrudishe nyumbani kila mara.

Kilu alipozaliwa aliitwa Tsheten. Watoto wawili waliozaliwa kati yake na Choyang walikuwa wamekufa, na yeye, kabla hajaanza kutembea, alishikwa na homa iliyokataa kushuka. Lama, mtawa wa Kibudha, alikuja, akasoma, akasema kuna kitu juu kule kinachomtaka mtoto huyu na kwamba kinalijua jina lake. Kwa hiyo mama alikanda unga wa shayiri, akafinyanga mwanasesere, akamvika kipande cha shati la mtoto na kumbandika nywele zake. Lama akampa mwanasesere yule jina la Tsheten. Phintso akambeba kumpeleka kwenye mto wa barafu, akamwacha pale, akarudi bila kugeuka nyuma. Homa ikashuka siku ile ile. Mtoto akaitwa Kilu, jina la mbwa, ili anayemtaka amdharau. Na lile jina la kwanza lisitamkwe tena, hasa kule juu, maana lilikuwa na mwenyewe.

Choyang alikuwa msichana mdogo, lakini alikumbuka vizuri. Alikumbuka hata kwamba Phintso alipovuka kizingiti, sikio la kushoto la mwanasesere lilidondoka, na mbwa akalila.

Walipita Gorak Shep hewa ikiwa safi. Kila penye ukuta wa mawe ya sala waliupita ukiwa mkono wao wa kulia, kama inavyopasa. Kisha wakashuka kwenye mto wa barafu wenyewe, kwenye vifusi na mawe, Phintso mbele, Choyang katikati, Kilu nyuma kabisa na Norbu, yaki mzee aliyempenda kuliko wenzake.

Ukungu ulipanda kutoka bondeni kama maziwa yanayochemka.

"Dada," Kilu aliita kutoka nyuma. "Gunia limeanguka. Mjomba asisikie. Nalifuata."

"Usiende mbali."

Kengele ya Norbu ililia kidogo, ikanyamaza.

Wakangoja. Phintso aliangalia mbingu ambayo haikuonekana. Norbu akatokea kwenye ukungu peke yake, akaja kusimama karibu nao, akitetemeka.

"Kilu," Choyang aliita.

Alirudi hatua chache, akatega sikio.

"Taratibu," Phintso akanong'ona. "Barafu hii haipendi kelele."

"Kilu."

Kitu kilijibu. Sauti ndogo, ya mbali. Ilikuwa kama inatoka chini ya nyayo zake. "Dada." Halafu haikusikika tena. Choyang alikimbia huku, akakimbia kule. Mawe, barafu, ukungu. Hakuona shimo. Hakuona unyayo. Aliita mpaka koo likakauka, na theluji ikaanza kuanguka. Akilini alimwona mama yake kitandani. Na hofu ilipomzidi, kinywa chake kikatoa jina lile la utotoni, lile alilokuwa akimbembelezea mdogo wake mgongoni.

"Tsheten."

Phintso alimziba mdomo. Alichelewa.

"Naam," sauti ikaitika.

Iliitika papo hapo. Kutoka karibu sana.

Akatokea kwenye ukungu, anatembea polepole, kichwa amekizungushia shali. Hakuwa na gunia. Hakuwa na kofia. Choyang alimkumbatia akilia, na mdogo wake akasimama tu, mikono imening'inia. Alikuwa akinuka unga mbichi.

"Twende," Phintso akasema. Hakumtazama usoni.

Norbu alikataa kutembea karibu naye. Walikuwa wamekwenda hatua chache Choyang aliposikia tena, nyuma yao, chini:

"Dada."

Akamgeukia aliyemshika mkono. Midomo yake ilikuwa imefumbwa.

Kambini walimketisha hemani, wakampa chai. Daktari wa wapandaji alifungua shali. Sikio la kushoto halikuwapo. Hapakuwa na damu wala kidonda. Mahali pake palikuwa pakavu na laini, kama palipopapaswa kwa kidole chenye maji. Daktari alisema ni baridi. Kisha akauliza kijana amepotea siku ngapi, na alipoambiwa ni mchana huu huu tu, akalirudisha shali kichwani.

Choyang akatoka nje. Akawaendea vijana wanaofunga kamba kwenye barafu.

"Nisaidieni. Ndugu yangu yuko ndani ya ufa. Yu hai, nimemsikia."

"Ndugu yako yupi, dada?"

"Kilu."

Walitazamana. Mmoja wao, mtu wa kijiji cha Khumjung, akamshika bega kwa upole. "Kilu si yule pale, anakunywa chai?"

"Yule siye."

"Umechoka, dada. Kaa kidogo, ule."

Akamgeukia Phintso. "Mjomba, waambie."

Mzee alikuwa akichoma majani ya mreteni kufukuza mabaya. "Nitawaambia nini?" alinong'ona. "Nani atamtafuta mtu ambaye yupo?"

Theluji ilianguka hadi asubuhi. Choyang alirudi peke yake pale walipopotezana, akatafuta mpaka vidole vyake vikafa ganzi. Alisikia upepo tu.

Walishuka Pangboche, na huyo wa tatu alishuka nao. Harusi haikufanyika. Binti wa Phortse alikuja siku moja, akaketi na huyo aliyerudi, akaondoka kabla ya chakula. Mpaka leo huyo aliyeshuka nao anaishi nyumbani kwa Choyang. Ni mpole, anafanya kazi, haombi kitu. Ukimwita Kilu hageuki. Hakai karibu na moto. Na asubuhi Choyang anapotandua kitanda cha huyo, hufagia unga.

Msimu uliofuata Choyang alipanda tena na yaki. Mto wa barafu hausimami. Ulikuwa umesogea bondeni pamoja na kila ulichobeba. Mahali fulani chini ya pale walipopotezana, Norbu alisimama, akateremsha kichwa na kulamba barafu. Hakuondoka kwa kupigwa wala kwa kubembelezwa. Choyang akachimba kwa shoka hadi akaona uzi mwekundu, akaivuta kofia nje ya barafu. Aliigeuza akatia mkono ndani, pale kinapokaa kichwa.

Kofia hiyo imo sandukuni mwake, chini ya nguo za mama yake. Wachache wameonyeshwa, na kila anayetia mkono ndani huutoa upesi.

Ina joto.