Rangi Mgongoni mwa Nthenya

Kila Jumamosi Nthenya alichota maji, akafua sare yake ya shule, kisha akamsaidia mamake kupanga nyanya kwenye kibanda chao kando ya reli, mtaani Laini Saba. Jumamosi hii alifanya kazi hizo zote haraka haraka.

"Kwani leo unafukuzwa na nani?" mamake akamuuliza akicheka.

"Kathini ananingoja, Mama. Tunaenda kwa Kocha Thuo."

"Haya, nendeni pamoja na mrudi pamoja."

Kathini alikuwa rafiki yake tangu gredi ya kwanza. Waliketi dawati moja na kugawana hata mkate wa saa nne.

"Niaje, Nthenya! Uko tayari kupakwa rangi?" Kathini alimsalimu walipokutana.

"Zii! Mimi ndiye nitakupaka!"

Walitembea hadi mtaa wa Kabiro, Kawangware. Huko Kocha Thuo alikuwa amezungushia mabati ploti tupu ya familia yao, akapanga ndani mapipa na magurudumu makuukuu ya kujifichia. Hapo aliwafundisha watoto peintboli, mchezo wa kulengana kwa vitufe vya rangi, vipira vidogo vinavyofyatuliwa kwa bunduki ya hewa na kupasuka vikigonga.

"Barakoa haitoki usoni, hata pua ikikuwasha," aliwaonya wageni. "Kitufe kikikupata jichoni, jicho limeenda. Na kikikupasukia popote mwilini, inua mkono, sema 'Nimepigwa,' utoke. Refa haoni kila kitu. Bila ukweli wenu hakuna mchezo."

Kisha akaongeza kwamba mchezaji bora wa kila kikosi angejiunga na timu yake ya vijana.

Mwanzoni Nthenya alipiga mabati tu. Polepole akajifunza kukunja magoti, kutuliza pumzi na kulenga. Kitufe cha kwanza kilichompata pajani kilichoma kama nyuki, lakini akacheka. Kathini alimtazama akilenga pipa bila kukosa, akageuka pembeni.

Mechi ilipoanza, marafiki hao wawili, waliokuwa kikosi kimoja, walijificha nyuma ya pipa moja. Pap! Rangi ya buluu ikapasuka begani mwa Kathini. Nthenya alingoja ainue mkono. Badala yake, Kathini aliifuta kwa kiganja na kujipaka vumbi pale begani.

"Kathini, umepigwa! Toka!"

"Nyamaza! Hakuna aliyeona." Akamsukuma Nthenya mgongoni kwa kiganja kile kile. "Twende!"

Hawakufika mbali. Refa, dada mmoja aliyeitwa Wagaki, alipuliza filimbi.

"Wewe! Una rangi mbichi mgongoni, tena imefutwa. Mbona hukutoka?"

"Sijapigwa!" Nthenya alimgeukia rafiki yake. "Mwambie, Kathini!"

Kathini aliinamisha kichwa. "Alipigwa. Nilimwambia atoke, akakataa."

Nthenya alitoka nje ya uwanja, akaketi chini kando ya mabati. Watoto wa Kabiro walimzomea, "Mwizi wa mechi!" Lakini maneno yao hayakumuuma kama sauti ya Kathini, sauti ile iliyomwita mlangoni kila asubuhi waende shule. Alitamani kurudi nyumbani. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kabla hayajaanguka.

Kocha Thuo aliwaruhusu wote wacheze mechi ya mwisho. Nthenya alicheza peke yake, mbali na Kathini. Alitambaa kati ya magurudumu mpaka bendera ya wapinzani, ambayo kikosi kikiinyakua kinashinda, ikawa mbele yake kabisa. Akiichukua, wenzake wangemshangilia na kusahau yote. Mara akasikia kitu kikipasuka kwenye kisigino cha kiatu chake. Alitazama huku na huku. Hata aliyefyatua hakujua kama amempata.

Nthenya akainua mkono. "Nimepigwa!"

Kocha alikuja mbio. "Wapi? Sioni kitu."

Nthenya alimwonyesha kisigino. Kocha akakitazama, kisha akasimamisha mchezo na kuwaita wote.

"Huyu amejitoa wakati hakuna aliyemwona," alisema. "Siamini kwamba ndiye aliyefuta rangi ile ya mgongoni. Nani anajua ukweli?"

Kathini akaanza kulia.

"Ni mimi niliyepigwa. Nilimpaka Nthenya kwa mkono wangu. Nilijua angechaguliwa yeye, mimi niachwe."

Wagaki alimwomba Nthenya radhi mbele ya watu. Kocha akamchagua kujiunga na timu, na watoto wa Kabiro wakapiga makofi. Nthenya alitabasamu kidogo tu.

"Nisamehe, Nthenya," Kathini akasema.

"Nimekusikia. Lakini bado inaniuma. Sijui nitakuamini tena lini."

Kocha Thuo alimpa Kathini beseni na sabuni. "Utaosha barakoa za wenzako kila Jumamosi mpaka nikuruhusu kucheza. Sikufukuzi. Lakini sikia, na ninyi wote msikie. Ukitaka kushinda, fanya mazoezi. Ukimpaka mwenzako uongo ili upite mbele yake, hata ukishinda umempoteza. Rangi hutoka kwa maji. Imani iliyovunjika hurudi polepole, kwa kusema ukweli kila siku, hata pale ambapo hakuna anayekuona."

Kathini alipokea beseni kwa mikono miwili, akachuchumaa na kuanza kuosha.