Sahihi za Mzee Mbaluka

"Sahihi hii si yangu," Mzee Mbaluka alisema, akakisukuma kitabu kando kama chakula kilichochacha.

Kathini alicheka, akidhani anatania. Alikuwa amepanda milima ya Mbooni kwa boda boda kumkaribisha mchoraji huyo maarufu kwenye harusi yake. Tangu shuleni alikusanya vitabu vyake vya vibonzo, na vile vyenye sahihi alivifunga kwa nailoni visipate vumbi la Kibwezi. Vingi aliletewa na mchumba wake Musyimi, muuza simu wa Kitui, aliyejigamba kwamba mzee humwita mwanawe. Ila kila Kathini alipoomba kupelekwa, mara mzee ni mgonjwa, mara amesafiri.

"Lakini Musyimi huja hapa kila mara."

"Musyimi gani?"

Kasyoka, binti wa mzee, alieleza kwamba baba yake alipooza mkono wa kulia miaka mingi iliyopita na hajashika kalamu tena. Kathini akautazama mkono uliolala pajani. Kitabu chake kilisainiwa Pasaka iliyopita. Ndani palichorwa msichana na kijana, na chini yao maneno: "Kathini, huyu ni mtu wa maana. Mkubali." Ukurasa huo ndio uliomfanya akubali kuolewa.

"Mimi sijawahi kumshauri mtu aolewe," mzee alisema. "Na hizi pua ni viazi."

Kathini akatoa simu, akamwandikia Musyimi: "Mzee Mbaluka atakuja harusi?"

Jibu halikuchelewa. "Nilikuwa naye jana babe. Miguu inamsumbua, hatakuja. Lakini ametubariki."

Alimsomea mzee ujumbe huo. Mzee alitikisa kichwa tu, na Kasyoka akaenda kuleta chai.

Kesho yake Kathini na Musyimi walikutana hotelini Salama. Musyimi alikuja na kitabu kingine, akakifungua penye sahihi. Kathini hakukigusa. Alimwambia alikokwenda jana, na akamwona akitafuta uongo mwingine na kuukosa.

"Nilifanya hivyo kwa sababu nakupenda."

"Ungeniletea kitabu kisicho na sahihi, ningekipenda."

"Mbona unakuza mambo? Hata hukujua tofauti. Ni vibonzo, Kathini. Vitu vya watoto."

Hapo ndipo mapenzi yalipomtoka. Alimwona jinsi alivyo: mwanaume mzima aliyekaa chumbani akijifunza kuiga mwandiko wa mgonjwa, kisha akamcheka moyoni alipofurahi.

"Ulishindwa kuniomba kwa mdomo wako," alimwambia. "Ukamtuma mzee asiyekujua. Uongo ningeweza kuusamehe. Huo uoga wako unanitia kichefuchefu."

"Tangazo la ndoa linasomwa kesho. Watu wa kanisa watasema nini?"

Kathini alilipa chai yake, akaondoka.

Musyimi hakuamini. Jumapili aliingia kanisani Kibwezi na suti mpya, akaketi mbele na mama yake, akiwapungia watu mkono kama mgombea anayeomba kura. Mchungaji alisoma majina yao, akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Kathini akasimama.

"Ninalo mimi, Mchungaji. Bibi harusi."

Musyimi aligeuka, akamwomba kwa macho aketi. Kathini alimtazama kama mtu anavyotazama tope kiatuni, akasema sababu yake kwa sauti ya kawaida, bila kulia.

Musyimi alitoka kwa mlango wa pembeni. Mama yake alibaki, akaimba wimbo wa kufunga ibada hadi ubeti wa mwisho.