Nani Aliyemlaza Mtoto

Mtoto alikuwa kitandani mwake, kitanda kidogo cha mbao kilichopakwa rangi ya njano. Alikuwa na miezi mitano, na mwili ulikuwa umeshapoa. Inspekta aliinama akamtazama shavu la kulia. Palikuwa na mstari mwembamba, ulionyooka, kama wa mtu aliyelalia rula.

Mlangoni, wifi wa mama mtoto alikuwa keshatoa hukumu. Kila aliyepita alimwambia kwamba mama huyu, fundi cherehani, alichoshwa na mtoto wake, na jana tu alimsikia akisema laiti angepata usingizi hata wa saa moja. Fundi mwenyewe alikaa sakafuni kando ya cherehani yake. Chumba chake kilikuwa safi hadi pembeni, na nje kamba ya nguo ilikuwa imejaa. Kitambaa kinene cha bluu kilikuwa bado kinachuruzika maji.

Inspekta alitoa futi. Kituoni walimwita Mama Vipimo, na hawakumwita hivyo kwa sifa. Walidai hata chai huipima kabla ya kuinywa. Alipima kitanda, akapima godoro. Kati ya godoro na ubao wa pembeni palikuwa na nafasi ya vidole vinne.

"Alikuwa anakohoa?" alimuuliza fundi.

"Hapana, afande. Hata mafua hakuwa nayo. Juzi ndiyo alianza kujigeuza, anacheka mwenyewe."

Ndipo Daktari alipoingia. Huyu alikuwa mchunguzi wa vifo wa mji mzima, mzee wa sauti ya upole, na wafiwa walimpenda kwa sababu hakuwasumbua. Alimshika fundi bega, akampa pole, akatoa karatasi akaandika "nimonia" kabla hata hajakaa. Wifi akanywea.

Inspekta alimkumbusha kwamba sheria inataka kifo cha ghafla cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja kiripotiwe makao makuu ndani ya saa ishirini na nne, maiti ichunguzwe, na mahali alipolazwa papigwe picha.

"Umewahi kumwona mama akipewa mwanasesere, anaambiwa aonyeshe alivyomlaza mwanawe?" Daktari aliuliza taratibu. "Mimi nimemwona. Muache huyu, mwanangu."

Fundi naye alimsihi. Kwa nimonia angebaki na ndoa yake. Bila nimonia, wifi angemfikisha kusikokwendeka. Inspekta alikuwa na watoto wawili, na maneno yale yalimwingia. Alikuwa karibu kufunga daftari, Daktari alipoagiza kitanda kipakiwe garini kwake ili mama asiendelee kukiona.

"Kichukueni tu," alisema fundi. "Ni chake. Alinipa nilipojifungua."

Inspekta hakufunga daftari. Alizuia kitanda, akaipeleka maiti mochwari kwa daktari mwingine, huku akijua fika kwamba mchana ule fundi angeitwa muuaji mtaa mzima.

Siku mbili alizimaliza masjala, vumbi hadi puani. Katika miaka mitatu alipata vyeti viwili vingine vya nimonia kwa watoto wa umri ule ule. Sahihi ilikuwa moja, na ripoti haikuwepo hata moja. Cheti kimoja kilikuwa cha mtoto wa kinyozi. Mke wa kinyozi alikikumbuka vizuri kitanda cha njano, na jinsi Daktari alivyokuja kukichukua kwa huruma. Cha pili Inspekta alikisoma mara mbili. Mama wa marehemu alikuwa binti wa Daktari.

Alimwita Daktari ofisini. Kitanda kilikuwa pale, kimefungwa lebo ya ushahidi.

"Mapafu ya mtoto wa fundi ni safi. Amekosa hewa. Kitanda hiki kimetoka wapi?"

"Nilikitengeneza mwenyewe. Kwa mjukuu wangu."

"Naye akafia humu."

"Humu." Daktari alivua miwani. "Nilidhani ni bahati mbaya. Kukichoma moto nilishindwa, nikakitoa sadaka."

Alikiri kwamba alipofariki mtoto wa kinyozi ndipo akili ilipomkaa sawa. Alipima, akaiona nafasi. Akakunja kitambaa kinene cha bluu, akakishindilia pembeni, akajiona kamaliza kazi.

"Fundi ni msafi," alisema Inspekta. "Amekitoa akakifua."

"Nilimwambia asikitoe."

"Ulimwambia kwa nini?"

"Ningemwambia kwa nini, angeuliza nimejuaje." Mzee alijifuta uso. "Na binti yangu angesikia. Siku ile mtoto wake alipokufa, alikuwa amesinzia. Miaka mitatu anajilaumu kwamba alimwogesha mtoto maji ya baridi. Nikaona hilo ni afadhali."

Inspekta alikasirika, na hakuona haja ya kuficha. Alimwambia kwamba ripoti ile ya kwanza, ukurasa mmoja tu, ingewaacha watoto wawili hai. Alimwambia pia kwamba leo hii, kabla ya kuingia mahabusu, atapelekwa kwa fundi, na habari ya kitambaa ataisema kwa mdomo wake, wifi akiwa amesimama pale pale anasikia.

Kisha akamsukumia fomu tatu tupu. Daktari alianza na ya mjukuu wake. Aliandika tarehe, umri, aina ya kitanda, upana wa ile nafasi. Mkono ulikwenda vizuri mpaka mstari wa saba. Hapo kalamu ikasimama.

Inspekta aliinama kusoma kilichomkwamisha. Fomu iliuliza: nani aliyemlaza mtoto?

"Binti yako alikuwa amesinzia," alisema polepole. "Mwenyewe umesema."

Daktari alikitazama kitanda.

"Sikuwa namlinda binti yangu," alisema.

"Najua sasa. Andika."

Akaandika: Mimi, babu yake. Kisha akauliza kama kuna fomu nyingine ambayo binti yake hataisoma, na Inspekta akamwambia hakuna.