Ufa wa Sikio la Kulia

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, kwenye karakana ya Mzee Fakihi huko Tabata, tovuti ya mashindano ya kugeuza sanamu kuwa picha za kuzungusha kwenye simu ilimjibu Vaileth: sanamu hii imeshaletwa na Leonardi, yako ni ya wizi, lete ushahidi kabla ya saa sita au jina lako linafutwa. Loo!

Mzee Fakihi alikuwa anapapasa sanamu ya mpingo, sura ya bibi yake, kidole kikipita kwenye ufa wa sikio la kushoto, pale patasi ilipomponyoka akimchonga.

"Leonardi nilimruhusu kumpiga bibi picha mwezi wa tano," alisema. "Binti, umemwibia mwenzio?"

Vaileth akaangua kilio.

Koplo Tupokigwe, aliyeitwa kuamua, alikuwa anamzungusha bibi, kazi ya Vaileth, kwenye simu yake kuukuu. Ukweli usemwe, aliduwaa. Bando lenyewe la kuungaunga, lakini bibi alifunguka mara moja, mikunjo yote ya uso hiyo hapo!

"Umefanyaje, mdogo wangu?"

"Kinachokuwaga kizito ni picha zinazovalishwa umbo, afande. Nimezibana. Uso nimeuachia picha kubwa, mgongo ndogo. Sikio nimepiga moja tu, la kushoto, nikaligeuza likavaa na upande wa kulia. Nani anaangaliaga masikio?"

"Nani mwingine aliigusa kazi hii?"

"Hakuna. Ila jana saa kumi umeme ulikatika kwetu, nikamalizia kwenye kompyuta ya Leonardi."

Saa nne Leonardi, aliyeitwa na koplo, akaingia, manukato mbele, mwenyewe nyuma.

"Shikamoo mzee. Afande, mie nilipiga picha mia mbili kwa mkono wangu."

"Na masikio?"

"Kila moja kivyake! Mie sibabaishi kazi."

"Mzee, nionyeshe sikio la kulia."

Mzee Fakihi akaigeuza sanamu. Sikio la kulia lilikuwa laini, halina hata mkwaruzo. Tupokigwe akafungua kazi ya Leonardi, akaikuza, akampa mwenyewe simu. Masikio yote mawili yalikuwa na ufa.

"Huo wa kulia uliupiga picha wapi, braza?"

Leonardi akalitazama sikio la sanamu, akairudisha simu.

"Ya kwangu ilikuwa nzito," alisema. "Dakika nne haijafunguka. Ya Vaileth aliisahau kwenye kompyuta yangu, nikaibonyeza, kufumba na kufumbua bibi huyu hapa ananitazama! Kijicho, afande, nikaituma kwa jina langu. Sijawahi kuona kazi kama ile."

"Hata mie," alisema Tupokigwe, akimfunga pingu.

Saa tano na nusu, ushahidi ukiwa umetumwa, tovuti ilikubali kazi ni ya Vaileth. Akavuta kompyuta aufute ule ufa wa uongo, Mzee Fakihi akamshika mkono.

"Niwie radhi, mwanangu. Na huo uache. Bibi alikuwa na kosa langu, sasa ana na lako."