Kitabu Chenye Jina Hakiuzwi

"Hii karatasi ni ya kitabu yangu," Oloo alisema, akaweka juu ya kaunta ukurasa uliolowa damu ya nyama.

Wachuka aliutazama. Ukurasa wa mia na kumi na mbili. Pembeni palikuwa na pini, na kwenye pini kipande cha karatasi alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe: OLOO.

"Umeitoa wapi?"

"Bucha ya Chaka. Nimenunua nusu kilo, kufungua kule kambini, naona jina yangu imefunga mbavu."

Ilikuwa Ijumaa ya mwaka wa sabini na sita, na Wachuka alikuwa ameingia Nyeri asubuhi hiyo kutoka Kiriaini, alikomuuguza mama yake wiki mbili. Duka lake la vitabu alimwachia Mutahi, mchumba wake, karani wa chama cha ushirika cha kahawa, aliyeomba likizo makusudi amshikie.

Duka hilo lilikuwa na sheria moja. Asiye na pesa alisoma akisimama. Akichoka, Wachuka alibana jina lake pale alipofika, na kitabu hicho hakikuuzwa mpaka mwenyewe amalize. Wenye maduka wenzake walimcheka, naye aliwaacha wacheke. Konstebo Oloo, mtu wa Siaya aliyehamishiwa kituo cha Chaka, alikuja kila Ijumaa, akavua kofia, akasoma kurasa kumi na mbili. Kila mwisho wa mwezi alinunua kitabu kimoja.

Asubuhi hiyo rafu zilikuwa zimejaa vitabu vya mitihani. Mutahi alikuwa amemwachia barua kwamba hadithi ziko stoo, ndani ya maboksi. Wachuka akaenda kuyafungua. Yalikuwa na chaki na madaftari.

Akashika simu.

"Mutahi, vitabu za hadithi ziko wapi?"

"Umefika, mpenzi? Mama yuko aje?"

"Mama amepona. Ziko wapi?"

Mutahi alikohoa kidogo.

"Zilikuwa zinakula vumbi tu, Wachuka. Nilipatia mtu wa bucha. Kwa kilo."

"Kwa kilo?"

"Mtu wa hapa anasoma apite mtihani. Akipita, yeye na kitabu wameachana. Tukioana hiyo duka itakuwa yetu, na lazima mmoja wetu afikirie."

"Basi fikiria hii. Januari utauza kitabu ya shule mpaka ukose pa kukanyaga. Machi utauzia nani? Mimi nimekaa hapa miaka sita kwa sababu ya watu wa Machi."

"Watu gani? Hao wa kusoma bure?"

"Yule anasimama leo ndiye ananunua mwisho wa mwezi. Na akimaliza hiyo, anarudi kuuliza ingine. Mtu wa kununua msumari hafanyi hivyo. Zile zilikuwa na majina, uliziona?"

"Niliona tukaratasi fulani. Sasa ati nikatae pesa sababu ya tukaratasi? Tuongee Jumapili. Tangazo letu la mwisho la ndoa linasomwa kanisani. Uvae ile nguo ya bluu."

Wachuka alirudisha simu mahali pake. Moyo ulimuuma sana, maana alikuwa akimpenda Mutahi; alipenda kicheko chake na jinsi alivyomheshimu mama. Lakini mtu huyo aliuona mwandiko wake, akajua ni ahadi, na bado akapeleka vitabu kwenye mizani ya nyama.

"Pole, madam," Oloo alisema taratibu. "Lakini wacha niulize. Yule dereva wa hiyo hadithi alirudi kwa bibi yake?"

Wachuka alicheka bila kupenda.

"Siwezi kukuambia. Nikikuambia, nitakuuzia nini?"

Kesho yake jioni Oloo alirudi na gunia begani.

"Nimenunua nyama kilo nane," alisema akihema. "Kambi nzima inakula bure. Kila kilo nikiuliza, iko karatasi ingine? Mwenye bucha akachoka na mimi, akasema beba zote uende."

Ndani mlikuwa na vitabu arobaini na kimoja, vizima. Cha Oloo hakikuwemo.

Jumapili, kanisa lilijaa. Mutahi aliketi mbele, suti mpya, akitabasamu. Mchungaji Theuri akasoma majina yao kwa mara ya tatu.

"Kama kuna mtu anayejua sababu ya kuzuia ndoa hii, aseme sasa."

"Mimi," Wachuka alisema, akasimama.

Mchungaji alivua miwani.

"Wachuka, wewe si ndiye bibi arusi?"

"Ndiyo, Mchungaji. Ndiyo maana sababu naijua vizuri. Huyu nilimwachia funguo ya duka wiki mbili tu. Aliuza vitabu nilikuwa nimewekea watu. Na aliniandikia ati ziko stoo."

"Keti chini!" Mutahi alinong'ona kwa nguvu. "Watu wanatutazama!"

"Wacha watazame. Si ulisema watu wa hapa hawapendi hadithi?"

Akina mama wa nyuma walishindwa kuzuia kicheko. Wachuka alitoka na nguo yake ya bluu, kichwa juu, na machozi aliyamwaga alipofika dukani.

Aliagiza nakala nyingine kutoka Nairobi, akabana jina la Oloo ukurasa wa mia na kumi na mbili. Oloo aliimaliza kwa Ijumaa tano, akaiacha kwenye kaunta, akaondoka haraka. Chini ya jina lake alikuwa ameandika: "Nimemaliza. Dereva ni mjinga. Naomba ingine. Na naomba wewe."

Ijumaa iliyofuata alimkuta Wachuka amebana karatasi hiyo kwenye sweta yake.

"Hiyo ni nini?" Oloo aliuliza.

"Unajua sheria ya hii duka. Yenye iko na jina haiuzwi."

Kiriaini kulikuwa na kazi zaidi.

"Ati polisi?" mama aliuliza. "Na wa huko ziwani?"

"Ndiyo, maitu."

"Anakunywa?"

"Anasoma."



"Mlete. Nitamwangalia akisoma."

Alimwangalia mara tatu, kisha akakubali.

Mwaka uliofuata, Jumapili ya tangazo la tatu, Mchungaji Theuri alisoma jina la Oloo na la Wachuka. Alipofika penye kuuliza kama kuna pingamizi, aliinua macho, akamtazama bibi arusi. Kanisa zima likageuka.

Wachuka alisimama.

"Mara hii, Mchungaji," alisema, "soma tu mpaka mwisho."