Tundu Lililozibwa Jumamosi

Yaliyompata mdogo wangu nayasema mwenyewe, maana nilikuwepo, na sehemu ya lawama ni yangu. Mimi ni fundi cherehani. Mumewe ni mwashi, na tangu siku ya posa damu zetu haziendani. Tulimpa jina la Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta kama umenyooka, kwa sababu hawezi kupita kwenye ukuta bila kusimama kuukagua. Siku ya harusi yao aliukosoa ukuta wa ukumbi kabla hajamvisha bibi harusi pete.

Safari aliitaka mdogo wangu. Mama alipofariki nilimlea mimi, na mpaka leo akitaka jambo hunishika kidevu kama mtoto. "Dada, wiki nzima unainamia mashine. Jumamosi twende mlimani tukaone yale magofu, jioni tumesharudi." Nikakubali. Tukafunga mikate na mayai, tukapanda kwa miguu, na kufika saa tano asubuhi tulikuwa juu. Jua lilikuwa zuri, na watu wachache wa mjini kama sisi walikuwa wanapiga picha.

Mlinzi wa magofu alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyejua karibu wala asante. Alitupitisha haraka mpaka kwenye chumba cha mawe ambacho mlango wake ulizibwa kwa mawe zamani hizo. Kilibaki na tundu moja tu chini ya ukuta, la kupitisha kichwa cha mtoto.

"Pigeni picha," alisema. "Tundu hilo msiliguse."

"Kwa nini?" aliuliza Timazi.

"Kwa sababu nimekwambia."

Alipoondoka kwenda kuwafokea wengine, Timazi alichuchumaa. Akasema kuuacha ukuta mzuri vile na pengo ni uzembe, mvua mbili tatu utalala chini. Mawe yenyewe yalikuwa palepale majanini. Mdogo wangu alimsihi aache. Mimi, kwa jinsi nilivyokuwa simpendi, nikamtia ndimu: "Fundi wa mdomo huyo. Hana hata mwiko, atafanya nini?"

Alifanya. Dakika kumi hazikuisha. Jiwe juu ya jiwe, bila udongo, bila chokaa, yote yakakaa sawasawa. Akapangusa mikono akanitazama kwa dharau. Nakiri ilikuwa kazi safi.

Tulikuwa hatujashuka mbali mdogo wangu aliposema kifua kinambana. Nikadhani ni uchovu. Baada ya hatua chache akakaa chini. Midomo ilikuwa imepauka. Nikamfungua vifungo vya blauzi, nikampepea kwa mtandio.

"Dada," alininong'oneza, "hewa haiingii. Kama nimefungiwa chumbani."

Nilijua papo hapo. Usiniulize nilijuaje. Nikamkamata Timazi ukosi.

"Rudi ukabomoe!"

"Shemeji, hiyo ni pumu tu."

"Hajawahi kuwa na pumu! Rudi!"

Alimbeba mkewe mgongoni, tukapanda mbio. Mlinzi alikuwa amesimama pale ukutani, kiganja chake juu ya mawe mapya.

"Nani kaziba?"

 Timazi alipiga magoti akavuta jiwe. Halikutoka. Akavuta jingine. Halikutoka. Akainama kutazama, na nikaona shingo yake inatoka vipele vya baridi juani. Katikati ya mawe aliyoyapanga makavu palikuwa na chokaa. Chokaa kuukuu, ngumu, yenye kuvu. Hata saa moja haikuwa imepita.

"Tusaidie," nilimwambia mlinzi.

"Aliyejenga abomoe."

Timazi akaokota jiwe akaanza kuponda. Akachimba kwa vidole. Kucha mbili ziling'oka. Mdogo wangu alikuwa amelala mapajani mwangu, mdomo wazi, hana sauti. Nikasikia kugonga. Kwa ndani. Polepole, jinsi fundi anavyogongagonga jiwe likae vizuri. Timazi akiponda, kule ndani wanagonga. Akipumzika, wanaendelea.

Jiwe moja likachomoka.

Hewa baridi ikatoka tunduni, ina harufu ya nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye ndoo. Mdogo wangu akavuta pumzi moja ndefu, akaanza kulia. Nikalia naye. Nilidhani tumeokoka.

"Ondokeni," alisema mlinzi. "Msirudi hapa hata kuomba radhi."

Jumatatu tulimpeleka hospitali. Daktari aliweka picha ya kifua kwenye taa, akaonyesha kwa kalamu. Chini kabisa ya pafu la kushoto palikuwa na weupe. Akasema huenda ni kovu la zamani, ila hajawahi kuona kovu lenye pembe. Timazi, mikono yote bendeji, alisogea karibu. Hata mimi wa cherehani niliona mistari. Zilikuwa kozi mbili, safu za mawe moja juu ya nyingine, viungo vimepishana.

Alinivuta pembeni. "Shemeji," alinong'ona, "hii si kazi yangu. Mimi nilijenga kwa nje. Huu umejengwa kwa ndani."

Mwezi uliofuata tulipiga picha nyingine. Kozi tatu. Mgonjwa mwenyewe hajui, tumemwambia anaendelea vizuri. Siku hizi halali ila amekaa. Mimi namwegemeza upande huu, mumewe upande ule, na hatugombani tena. Zile picha nimezificha kabatini, chini ya vitambaa vya wateja.

Jana, mdogo wangu aliposinzia, nilimwuliza Timazi kwa mwendo huo ukuta utafika juu lini. Ni fundi, kukadiria kazi ndiyo kazi yake. Alizitoa zile picha mbili, akapima kwa kidole gumba na cha shahada, akanitajia mwezi. Kisha akatoka nje, na mimi nikabaki nimemshika mdogo wangu, nasikiliza anavyopumua.